Lakteti imeshuka baada ya wiki tatu za kulala kwenye hema la mwinuko, lakini muda wa mbio umerefuka: nivisome vipi vipimo hivi?

Kocha wa Pwani (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninafundisha wakimbiaji wa masafa marefu mjini Tanga. Kwa sasa ni watano, wawili wakijiandaa kwa nusu marathoni na watatu kwa mita 10,000. Kama mjuavyo, sisi wa pwani tunakimbia usawa wa bahari mwaka mzima, na hatuna fedha za kuwapeleka vijana Iten kule milimani Kenya wakakae miezi miwili. Mwaka huu mfadhili mmoja alitupatia hema la mwinuko lililokwishatumika, pamoja na mashine yake inayopunguza oksijeni na kuingiza ndani hewa yenye naitrojeni nyingi zaidi. Tuliiweka katika kiwango ambacho kijitabu chake kinasema ni sawa na mita 2,500, yaani oksijeni ya karibu asilimia 15 badala ya ile asilimia 20.9 tunayoivuta siku zote. Kwa kuwa hema ni la mtu mmoja, nilianza na kijana wa miaka 23, ambaye alilala humo usiku 21 mfululizo, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na mazoezi yake yote akayafanya nje kama kawaida.

Kabla hajaanza nilimpima lakteti (kile kitu ambacho misuli hukitoa kwenye damu inapovunja sukari) uwanjani kwa kile kipima cha mkononi kinachotumia tone la damu, akikimbia vipande vya dakika nne nne kwa kasi inayopanda. Nilimpima tena siku mbili baada ya kutoka hemani. Kwa kasi ya kilomita 17 kwa saa alikuwa na milimoli 4.2 kwa lita, na sasa ana 3.0. Kwa kilomita 18 alikuwa na 6.3, na sasa ana 4.5. Alipokimbia kwa nguvu zote hadi akashindwa kuendelea, mara ya kwanza alifika 10.1, na safari hii ameishia 6.8. Nilifurahi sana, maana tulifundishwa kwamba asidi ya laktiki ndiyo inayochosha misuli, na kwamba mchoro wa lakteti ukihamia kulia, yaani lakteti ile ile ikaja kwenye kasi kubwa zaidi, mwanariadha amepiga hatua. Lakini Jumapili iliyofuata, katika jaribio la mita 10,000, alitumia sekunde 25 zaidi kuliko alizotumia kabla ya hema. Alipomaliza aliketi kwenye nyasi kando ya njia, hakuvua hata viatu, akaniambia, "Mwalimu, miguu haina kitu."

Ninaomba msaada wa kuelewa. Je, hema limebadilisha namna mwili wake unavyoishughulikia lakteti? Kama ndiyo, kwa nini muda umekuwa mbaya? Na je, nimwingize kijana wa pili au nisubiri?

Damu na Misuli

Mwalimu, nashukuru kwa kuleta namba zenyewe, tena pamoja na kauli ya kijana, ambayo kwangu ina uzito sawa na namba. Ninafanya kazi katika maabara ya fiziolojia ya mazoezi, na nitaanza na kipimo chako cha mwisho, kwa sababu ndicho kinachonitia wasiwasi. Mwanariadha aliyeimarika kwa kawaida hupunguza lakteti katika kasi za kati, lakini katika jitihada ya mwisho hubaki na uwezo wa kuipandisha karibu na pale ilipokuwa, kwa kuwa anafika kasi kubwa zaidi kabla ya kushindwa. Lakteti inaposhuka kotekote, na juu kabisa ikashuka kuliko kwingine, huku muda wa mbio ukirefuka, mara nyingi maana yake ni kwamba misuli imeishiwa glaikojeni, yaani akiba yake ya wanga, au mwili umechoka kwa kina, au yote mawili. Lakteti hutokana na glukosi na glaikojeni. Ghala likiwa tupu hakuna cha kutengenezea, na kipima kitaonyesha namba ya kupendeza isiyohusiana kabisa na ubora wa mkimbiaji.

Hapa inafaa turekebishe jambo tulilofundishwa wengi wetu. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1922 ilikwenda kwa A. V. Hill na Otto Meyerhof, ambao kazi zao ziliihusisha asidi ya laktiki na msuli unaojikunja bila oksijeni ya kutosha, na tangu hapo asidi hiyo ikatwishwa lawama ya uchovu kwa miongo mingi. Ukweli ni kwamba ndani ya damu, ambayo pH yake ni 7.4 hivi, zaidi ya asilimia 99 ya kitu hicho ni lakteti, si asidi. Kuanzia miaka ya 1980, George Brooks wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley alieleza jinsi lakteti inavyosafiri mwilini: nyuzi za msuli zinazofanya kazi kwa kasi huitoa, kisha nyuzi za polepole na moyo huipokea na kuichoma kama nishati, na ini huigeuza kuwa glukosi tena. Lakteti ni chakula kilicho njiani.

Kwa hiyo tone la damu halikuambii ni lakteti kiasi gani imetengenezwa. Ni kama kuhesabu daladala zilizosimama kituoni saa moja asubuhi. Ukizikuta tano, huenda zimeingia tano na hakuna iliyoondoka, au zimeingia hamsini na arobaini na tano zimekwishapakia na kwenda zake. Ili kujua kinachoingia na kinachotoka, watafiti huingiza kwenye mshipa lakteti iliyotiwa alama ya kaboni maalumu na kuifuatilia wakati mtu anafanya mazoezi.

Utafiti wa namna hiyo hasa, kuhusu mwinuko wa kuigiza, ulifanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2004 na Clark na wenzake. Walikuwa waendesha baiskeli na wanatriathloni 29, na waliopewa hewa pungufu walilala usiku 20 katika hali iliyolingana na mita 2,650. Baada ya hapo, kwa wale waliolala mfululizo, walipofanya kazi ya asilimia 85 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni, kiasi cha lakteti kilichoingia kwenye damu kwa dakika kilipungua. Jambo la pili ndilo wengi hulisahau: vipande vya msuli vilivyochukuliwa kwa sindano havikuonyesha ongezeko la protini MCT1 na MCT4 zinazobeba lakteti kupita kuta za seli, wala uwezo wa msuli kuzimua asidi haukuongezeka. Kwa maneno mengine, badiliko lilikuwa upande wa kuzalisha, wala si kwamba mwili ulipata mabomba mapya ya kuiondoa lakteti.

Utafiti mwingine wa huko huko, wa Gore na wenzake mwaka 2001, ulikuwa umeona tofauti kidogo. Baada ya usiku 23 kwa mita 3,000 za kuigiza, uwezo wa msuli kuzimua asidi ulipanda kwa asilimia 18, na waendeshaji wakatumia nishati kidogo kwa kazi ile ile. Lakini waliolala kwenye hewa pungufu walikuwa sita tu, na mimi sipendi kujenga nyumba juu ya watu sita. Ninachokiona kuwa na nguvu zaidi ni hilo la ubanaji wa nishati. Saunders na wenzake mwaka 2004 walipima wakimbiaji wa kiwango cha juu baada ya siku 20 za kulala kati ya mita 2,000 na 3,100 za kuigiza, wakakuta gharama ya oksijeni ya kukimbia imepungua kwa asilimia 3.3. Mwili unaotumia nishati kidogo kwa kasi ile ile hauna sababu ya kuvunja glukosi kwa pupa, na hapo lakteti hupungua kwa njia ya heri. Hiyo ndiyo ungependa kuiona kwa kijana wako, lakini ingekuja pamoja na muda mzuri zaidi, au angalau ule ule.

Tafadhali tujibu haya: uzito wake kabla na baada, chakula chake cha jioni, usingizi wake, mapigo ya moyo katika kila kasi, na namna ulivyochukua damu.

Kocha wa Pwani

Ndugu mtaalamu, maswali yako yameniamsha. Uzito ulikuwa kilo 58, na sasa ni 55.8. Kabla ya hema alikuwa akila ugali na samaki nyumbani kwao saa tatu usiku, lakini kwa kuwa nilimtaka aingie hemani saa mbili, kwa wiki tatu amekuwa akinywa chai na kipande cha mkate tu, kisha kula asubuhi baada ya kukimbia. Usingizi ulikuwa wa shida, kwani humo ndani kuna joto na unyevu mwingi, na alfajiri shuka hutoka limelowa kana kwamba limefuliwa. Mapigo ya moyo hayakupungua. Kwa kilomita 17 yalikuwa 168 na sasa ni 170, na yeye mwenyewe alisema kasi ile ilikuwa nzito kuliko mara ya kwanza.

Kuhusu damu, ninaona aibu kidogo kusema kwamba mara ya kwanza nilichukua tone la kwanza moja kwa moja kutoka kwenye kidole, bila kukifuta. Mara ya pili kijana mmoja wa maabara ya zahanati alinielekeza nioshe kidole, nikikaushe, nifute tone la kwanza na kutumia la pili.

Muuguzi Bandarini

Shikamoo Mwalimu. Hilo la tone la kwanza ni kubwa kuliko unavyodhani. Jasho lina lakteti nyingi, na mkimbiaji wa Tanga akiwa uwanjani kidole chake kimejaa jasho, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba vipimo vyako vya kwanza vilisoma juu kuliko damu yenyewe. Wengine hupendelea kutoboa ndewe ya sikio, ambako ni rahisi kupakausha na mkono unabaki huru, lakini popote utakapochagua, baki hapo hapo kila mara, na usikamue kwa nguvu, maana ukikamua unachanganya damu na majimaji ya tishu.

Ila mimi nimeingia kwa sababu nyingine, na naomba uichukulie kwa uzito kabla ya kumwingiza yeyote hemani. Ukanda wetu huu una watu wengi waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu. Mtu wa namna hiyo haumwi, anacheza na kukimbia kama wenzake, na mara nyingi hajui kama anacho. Lakini katika hewa yenye oksijeni pungufu zimetokea ajali za bandama kukosa damu kwa watu wa aina hiyo, hasa kwenye milima mirefu, na hema lako linaweza kuongezwa hadi huko kwa kugeuza kitufe kimoja tu. Kipimo cha selimundu si ghali. Wapime wote watano, na atakayekutwa nacho asilale humo bila ushauri wa daktari.

Jambo la pili ni madini ya chuma. Kama shabaha mojawapo ya hema ni kuongeza chembe nyekundu za damu, basi mwili unahitaji chuma cha kuzitengenezea, na vijana wetu wenye minyoo au waliougua malaria mara kwa mara huanza na akiba ndogo. Kipimo cha feritini huonyesha akiba hiyo, na wataalamu wengi wa michezo hawapendi mwanariadha aanze mwinuko akiwa chini ya nanogramu 30 kwa mililita. Usipime wakati kijana ana homa au ametoka kuumwa, kwa sababu feritini hupanda kwa uvimbe na maambukizi, ukadhani ana akiba kumbe hana.

Na huo unyevu unaoueleza unanifanya niulize kama hewa inapita vizuri. Hema lisilopitisha hewa ya kutosha hukusanya pia kaboni dayoksaidi anayoitoa aliyelala. Akiamka na kichwa kinauma kila siku, usiseme ni dalili ya mwinuko kufanya kazi. Zima mashine, fungua zipu, kisha kagua mipira yote.

Mkimbiaji Mstaafu

Kocha, pokea salamu kutoka Uasin Gishu. Nimekimbia miaka kumi na minne na sasa nawasaidia vijana wa hapa, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa miguu.

Watu wengi hudhani siri ya Iten ni hewa tu. Hewa ya kule, kwenye mita 2,400 hivi, ina oksijeni asilimia 20.9 kama ya kwenu, ila kanieneo chake ni pungufu kwa karibu robo, na mtu anaishi ndani yake saa ishirini na nne. Anakula humo, analala humo, anasukuma mkokoteni humo. Kijana wako amekaa saa tisa kwa siku, kisha akarudi kwenye hewa nzito ya bahari. Sisemi saa tisa hazina kazi, lakini msizilinganishe na maisha ya mtu aliyezaliwa huku. Msweden Bengt Saltin na wenzake waliwapima wakimbiaji wetu na wa Skandinavia, wakachapisha mwaka 1995, na walikuta Wakenya wakiwa na lakteti ya chini, juu mlimani na hata usawa wa bahari. Nyuma ya namba hiyo kuna miaka mingi ya kwenda shule kwa miguu na kukimbia taratibu kila asubuhi. Usiku 21 hauwezi kuibeba miaka hiyo.

Pia naomba nikuonye kuhusu barakoa za kubana pumzi zinazouzwa mitandaoni kwa jina la mwinuko. Hazipunguzi oksijeni iliyomo hewani, zinakufanya tu uvute kwa nguvu. Kijana wangu mmoja alinunua, akakimbia nayo wiki mbili, na kitu pekee kilichobadilika ni kasi ya mazoezi yake, ambayo ilishuka.

Kama nauli ipo hata kidogo, mimi ningewapeleka Lushoto kwa likizo ya kukimbia, ingawa pale ni mita 1,400 tu na damu haitabadilika sana. Watalala kwenye baridi nzuri, watakula vizuri, na vilima vitawafundisha miguu.

Damu na Misuli

Mwalimu, kwa majibu yako picha sasa imekaa sawa, na ninaiona hivi. Sehemu ya kushuka kwa lakteti huenda ni jasho la mara ya kwanza, na kiasi chake hatuwezi tena kukitenganisha. Sehemu nyingine, hasa ile ya 10.1 kuwa 6.8, inalingana na kijana aliyepoteza kilo mbili na zaidi, aliyelala vibaya kwa wiki tatu na kuingia uwanjani akiwa na misuli isiyo na wanga. Mapigo ya moyo ambayo hayakushuka na kasi ile ile kuhisiwa kuwa nzito vinathibitisha hilo. Kama hema lilileta faida yoyote ya kubana nishati, imefunikwa na njaa, na ninasikitika kwa sababu kijana amejitahidi kwa nidhamu kubwa.

Hata vipimo vikirudiwa vizuri, tarajio lako liwe la kiasi. Levine na Stray-Gundersen, mwaka 1997, walipowaweka wakimbiaji mita 2,500 na kuwashusha mita 1,250 kwa mazoezi kwa wiki nne, muda wa mita 5,000 uliboreka kwa asilimia 1.4 hivi, nao waliishi mlimani kweli, si hemani usiku tu. Kwa upande wa kuigiza, Siebenmann na wenzake mwaka 2012 waliwaweka waendesha baiskeli 16 waliofunzwa vizuri vyumbani kwa saa 16 kila siku, wiki nne, baadhi kwa hewa ya mita 3,000 na baadhi kwa hewa ya kawaida, bila wao wala wapimaji kujua nani yuko wapi. Hapakuonekana tofauti ya maana katika wingi wa himoglobini wala katika mashindano. Kwangu mimi utafiti huo ni mzito, kwa sababu mtu akijua amelala kwenye hema la bei kubwa hukimbia kwa imani, na imani nayo ina sekunde zake.

Ni kweli kwamba mwili una njia ya kuitikia. Oksijeni inapopungua, protini za kundi la HIF huwasha jeni za erithropoietini (homoni inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu), za vimeng'enya vinavyovunja glukosi na hata za msafirishaji MCT4. Lakini kuwasha jeni kwa saa chache na kubadilisha msuli ni mambo mawili, na saa tisa kwa usiku ni pungufu ya zile saa 12 au zaidi ambazo wataalamu wengi wanazitaja.

Namna ya kupima tena ni hii. Mpumzishe wiki mbili, mazoezi mepesi, wali, ugali, viazi na matunda hadi uzito urudi. Siku mbili kabla ya kipimo asifanye mazoezi magumu, na ale chakula kile kile atakachokula kabla ya kila kipimo kitakachofuata. Pima saa ile ile, uwanja ule ule, osha, kausha, futa tone la kwanza. Andika mapigo ya moyo, na jinsi kasi ilivyomwia nzito kwa maneno yake mwenyewe, kando ya kila namba. Hiyo ndiyo itakuwa namba yako ya mwanzo halali, na ile ya kwanza uiache.

Kocha wa Pwani

Marahaba Muuguzi, na ahsanteni nyote. Nimezima mashine jana. Kijana amehamia kwa shangazi yake, ambaye ameahidi kwamba chakula cha saa tatu usiku hakitamkosa, na leo asubuhi mizani imesoma 56.4. Vipimo vya selimundu na feritini kwa wote watano tutafanya Jumatatu, na wa pili hataingia hemani kabla majibu hayajatoka na kabla sijapata namna ya kupoza chumba. Kipimo kipya cha lakteti nimekipanga Jumamosi baada ya wiki mbili, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Nitaleta namba hapa hapa, na safari hii maneno ya kijana nitayaandika mstari mmoja nazo.